Ziwa Limepimwa, Nani Kaambiwa?

Katikati ya miaka ya 1990, vijana wanaoosha magari ziwani mjini Kisumu walianza kuhesabiwa kazi yao. Waliohesabu hawakuwa kanjo wa kutafuta ushuru. Walikuwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao kutoka Marekani, na walichokuwa wakikifuatilia ni kichocho. Gari huingizwa majini, na mwoshaji husimama humo humo, maji yakimfika magotini, mpaka ling'ae. Konokono wadogo wa ufuoni huachilia viluwiluwi vya minyoo ya kichocho, navyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi lolote. Ukitaka kujua kijana amekaa majini kiasi gani, huwezi kumfuata na saa kutwa nzima. Lakini magari yanahesabika. Basi idadi ya magari aliyoosha kila mmoja ikawa ndiyo kipimo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002: baadhi ya waoshaji, baada ya kutibiwa na kuambukizwa tena na tena, walikuwa wamejenga kinga dhidi ya minyoo hiyo, ilhali wale ambao virusi vya UKIMWI vilikuwa vimewadhoofisha waliambukizwa upya kwa wepesi zaidi.

Huo ni utafiti wa hali ya juu, uliofanywa kwa ndoo, kitambaa na subira. Nimeuleta mbele kwa sababu katika kila warsha ya afya ya mazingira inayofanyika katika hoteli za Kisumu, hukosi kumsikia mtu akilalamika kwamba hatuna data. Kwa mji huu lalamiko hilo halisimami. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini kipande hicho kidogo, hasa Ghuba ya Winam, kimepimwa na kupimwa tena. KEMRI ina kituo kikubwa Kisian, njia ya kwenda Busia. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo chake mjini. Makao makuu ya Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yako Kisumu. Katika kaunti jirani ya Siaya, maafisa wa nyanjani walianza kwenda nyumba hadi nyumba Asembo mwaka 2001, Gem 2002 na Karemo 2007, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Penye kifo walikaa na jamaa na kuuliza dalili moja baada ya nyingine: homa ilianza lini, alikohoa, aliharisha? Ni wanakijiji wachache sana Afrika ambao maisha yao yameandikwa kwa uangalifu namna hiyo.

Kuna nyakati uandishi wa aina hiyo ulirudi nyumbani na faida, hata kabla ya 2001. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Asembo na Gem zilifanyiwa jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16. Kilichowashangaza wengi ni kwamba hata watoto wa boma lisilo na vyandarua walipata nafuu iwapo boma hilo lilikuwa ndani ya takriban mita 300 kutoka kwa majirani wenye navyo, kwa kuwa mbu walikuwa wakifa kwa wingi eneo zima. Matokeo ya aina hii ndiyo yaliyowapa nguvu waliosema chandarua kigawiwe kila mtu badala ya kuuziwa mwenye uwezo. Mama wa Asembo aliyejibu maswali alikuja kulala chini ya jibu lake.

Kipindupindu ni hadithi nyingine. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa ugonjwa huo, na 547 wakafa. Katika kipindi hicho mvua za El Niño zilileta mafuriko. Watafiti walichukua wagonjwa 61, wakawalinganisha na watu wa umri na jinsia ile ile waliofika katika kliniki zile zile bila kipindupindu, wakauliza tofauti iko wapi. Walipata mambo matatu: kunywa maji ya ziwa au ya kijito, kula chakula pamoja na mtu anayeharisha majimaji, na kula matangani.

Hilo la tatu lina uzito wake katika nchi ya Wajaluo. Matanga si shughuli ambayo mtu huamua kwenda au kutokwenda kama harusi ya rafiki wa rafiki. Watu hutoka Nairobi na Mombasa kuja kuzika, hupikiwa masufuria kwa masufuria, maji huchotwa popote yanapopatikana, na huenda anayezikwa mwenyewe ndiye aliyekufa kwa kuhara. Ukimpa bwana afya takwimu hiyo, ana njia mbili. Anaweza kupiga marufuku mikusanyiko, nayo itafanyika usiku. Au anaweza kufika mapema bomani akiwa na dawa ya maji na mitungi ya kunawia mikono, akasimama na wapishi. Takwimu ni ile ile, sera mbili tofauti kabisa, na kwa maoni yangu ni ya pili tu inayoonyesha kwamba mwenye kuisoma anaijua Nyanza.

Wakati huo huo idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshasafiri mbali. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa kuhofia kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haikuhitajika, na marufuku iliondolewa katikati ya mwaka huo. Lakini kwa miezi hiyo viwanda vya minofu vya Kisumu vilipunguza kazi, mvuvi wa mbuta akakosa mnunuzi, na akina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki baada ya kiwanda kutoa minofu, wakakosa cha kutia katika mafuta. Jiulize afisa aliyeishi mwaka huo alijifunza nini kuhusu kutangaza ugonjwa. Mpaka leo, katika nchi nyingi za ukanda huu, neno kipindupindu huzungukwa kwa maneno kama “kuhara kwa ghafla” hadi maabara imwache msemaji bila pa kujificha. Watu husema ni ukosefu wa uwazi. Mimi naona pia kuna hesabu ya biashara ndani yake, na hesabu hiyo haitabadilika kwa kuhubiriwa.

Kabla hatujasonga mbele, inafaa kukumbuka kwamba kufuatilia kipindupindu kwa kuuliza watu si ugeni kwetu. James Christie, tabibu Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Hakuwa na maabara. Alikuwa na wafanyabiashara wa misafara na manahodha, akawauliza walikutana na ugonjwa wapi na lini, akachora njia zake kwa kufuata njia za biashara.

Turudi ziwani, kwenye magugu maji. Mmea huu wenye maua ya zambarau ulionekana upande wa Kenya mnamo 1990, na kufikia 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, meli zikikwama na wavuvi wakishindwa kutoka. Mwaka 2010 watafiti watatu waliweka pamoja vitabu viwili ambavyo kwa kawaida havikai rafu moja: kipimo cha kila mwaka cha eneo lililofunikwa na magugu, na idadi ya wagonjwa wa kipindupindu walioripotiwa Nyanza. Mistari miwili ilipanda na kushuka pamoja kwa kiwango cha 0.83, pale ambapo 1 ndiyo kufuatana kikamilifu. Walitaja pia kwamba kati ya 1994 na 2008 Nyanza, yenye asilimia 15.3 ya watu wa Kenya, ilitoa asilimia 38.7 ya wagonjwa wa kipindupindu wa nchi nzima.

Je, magugu yanaleta kipindupindu? Maabara imeonyesha kwamba bakteria wa kipindupindu hujikusanya kwenye mizizi yake, kwa hiyo dhana ina miguu. Lakini mwaka wa mvua kubwa hustawisha magugu kwa mbolea inayosombwa mashambani, na mvua hiyo hiyo hufurisha vyoo. Huenda yote mawili ni watoto wa mama mmoja. Watafiti wenyewe walisema “huenda”. Hata hivyo kwa mpangaji wa kaunti, jibu la mwisho si la lazima. Setilaiti zinapiga picha za ghuba mara kwa mara, na magugu yakianza kutanda, dawa ya kutibu maji inaweza kupelekwa katika zahanati za ufuoni kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kinachohitajika ni mtu wa afya kufungua picha zinazotazamwa na mtu wa uvuvi.

Sasa nipande kidogo kutoka ufuoni hadi Manyatta A na Migosi, kwa sababu hapo ndipo ninapoona mfano bora kuliko yote. Mwaka 1999 mitaa hiyo miwili ilichorewa ramani: kila jengo, kila choo cha shimo, kila kisima. Kati ya 2002 na 2004, na tena 2014, watafiti walipima maji na kukagua mazingira ya visima 51 vilivyochimbwa kwa mkono. Ramani ilichorwa upya 2013 na 2014. Viongozi wa kazi hiyo walikuwa wanasayansi wa Kisumu wenyewe, Joseph Okotto-Okotto na Lorna Okotto, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza.

Ukaguzi wa kisima unafanywa kwa fomu ya maswali ya ndiyo na hapana, na yeyote anayejua kusoma anaweza kuijaza. Je, kuna choo ndani ya mita 10? Choo kilicho karibu zaidi kiko upande wa juu wa mteremko? Kuna takataka au mifugo karibu? Maji yaliyomwagika yametuama kando ya kisima? Sakafu ya saruji ina nyufa? Kamba na ndoo vimelala chini kwenye tope? Kila “ndiyo” ni alama moja ya hatari. Simama penye kisima cha kawaida cha Manyatta, na kabla hujamaliza ukurasa umeshajua kinachoendelea: nyumba za kupanga zimezunguka ua, choo kiko nyuma ya ukuta, ndoo ya mpira iliyokatwa kutoka kwa mtungi wa mafuta imeegemea ukingo, na bata wa jirani wanakunywa pale pale kwenye dimbwi.

Matokeo hayakuwa yale ambayo mhariri wa gazeti angeyatamani. Vyoo vya shimo viliongezeka kwa msongamano kati ya 1999 na 2014, kama ambavyo mtu yeyote angetabiri, na alama za hatari za visima zikapanda. Lakini bakteria wa kinyesi katika maji walipungua kati ya 2004 na 2014, katika mtaa mmoja wakipungua kwa kiasi cha kuonekana wazi kitakwimu. Naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mbolea, nayo ilishuka. Maji yamekuwa bora huku mazingira yakiharibika? Watafiti walipochimbua zaidi walikuta kwamba 2004 mvua ilikuwa nyingi, na hilo pekee lingeweza kueleza tofauti ya naitreti.

Hapo ndipo usimamizi wa taarifa unapoacha kuwa kazi ya karani. Mtu aliyepima mwaka 2014 pekee angetangaza hali ilivyo siku hiyo, basi. Aliyelinganisha miaka miwili bila kutazama mvua angeiambia kaunti kwamba mambo yanaimarika, na bajeti ya maji ya mtaa ingekwenda kwingine. Ilihitajika ramani ya zamani iliyotunzwa mahali inapoweza kupatikana, rejista ya mvua kutoka idara nyingine kabisa, na watu wale wale wanaokumbuka ni kisima kipi kati ya viwili vilivyo ua mmoja ndicho kilichopimwa mara ya kwanza. Sijui ni ofisi ngapi za serikali zetu ambazo leo zikiombwa ramani ya miaka 15 iliyopita zitaitoa kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Na mwenye kisima? Kumwambia maji yako ni machafu bila kumwonyesha pengine pa kuchota ni kumwongezea mzigo tu. Naye anajua mengi kuliko anavyodhaniwa. Familia nyingi za mitaa hiyo hununua mtungi wa maji ya bomba kwenye kioski kwa kunywa na kupikia, na kuteka kisimani ya kufulia na kupigia deki. Mfereji ukikauka siku tatu, mpaka huo unafutika. Kwa hiyo takwimu muhimu kuliko idadi ya bakteria inaweza kuwa ratiba ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu: ni mtaa upi ulikosa maji, kwa siku ngapi. Siku za kukosa maji zikiwekwa kando ya rejista ya wagonjwa wa kuhara katika zahanati ya mtaa ule ule, jambo litaonekana ambalo hakuna kati ya ofisi hizo mbili inayoliona peke yake.

Ugumu wa kuzikutanisha unatokana na namna tulivyogawana kazi. Katiba ya 2010 iliipa kaunti huduma za afya, na ugatuzi ulipoanza 2013 zahanati zikawa za gavana. Rasilimali za maji zikabaki kwa mamlaka ya kitaifa. Uchafuzi unashughulikiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kitaifa pia. Samaki na mwani wa ziwa ni wa KMFRI. Kila mmoja ana fomu zake, mwaka wake wa bajeti na mfadhili wake. Mto Kisat unaopita eneo la viwanda na kuingia ziwani una wakubwa wengi hivi kwamba ukiuliza nani anaujua vizuri utatumwa huku na huku hadi jioni.

Upande wa afya, Kenya haikubaki nyuma. Mwaka 2011 ilihamishia ripoti zake zote za zahanati kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kufanya hivyo kitaifa. Chini yake kuna fomu za jamii, nazo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Nambari 513 ni daftari la kaya: wahudumu wa afya wa mtaa huuliza kama kaya ina choo, inatibu maji, ina mahali pa kunawa mikono. Nambari 514 ni kumbukumbu ya kila siku. Nambari 515 ni muhtasari unaopelekwa juu. Halafu kuna 516, na hiyo si karatasi. Ni ubao mweusi. Ulikusudiwa kusimama mahali pa wazi kijijini, namba za mtaa zikiandikwa kwa chaki: kaya ngapi, zenye choo ngapi, zinazotibu maji ngapi, watoto wangapi wamechanjwa. Wakazi wangekusanyika mbele yake, waulizane kwa nini upande wa kule chini hakuna vyoo, na waamue la kufanya.

Aliyebuni ubao huo alikuwa na akili sana. Katika msururu mzima wa fomu, huo peke yake unarudisha taarifa kwa aliyeitoa. Na kama ilivyo kawaida ya mambo ya aina hiyo, ndio wa kwanza kukosa fedha: karatasi zina bajeti kwa sababu wakubwa wanazingoja, chaki haina anayeingoja. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa simu, na daftari limehamia humo. Ni hatua nzuri. Makosa ya kujumlisha yamepungua na ripoti inafika siku hiyo hiyo. Lakini skrini inamtazama mhudumu na msimamizi wake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba namba za mtaa wake, ila sijawahi kuona foleni ya waombaji. Ubao haukuhitaji maombi.

Kuna pia suala la anayelipia. Sehemu kubwa ya upimaji wa ufuo huu imesimama juu ya fedha za Marekani, na mwanzoni mwa 2025 tuliona fedha hizo zikikatwa kwa amri ya siku moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ambao Kenya iliufanya mara ya mwisho 2022 na ambao kila mpangaji huunukuu, ulitegemea mpango uliosimamishwa Februari 2025. Mwaka huo huo wa 2025 kipindupindu kiliripotiwa tena Kisumu na Migori. Kaunti inayojenga barabara kwa kodi yake inaweza pia kulipia ramani ya visima vyake, na ningependa kuona mstari huo katika bajeti kuliko kibanda kipya cha kongamano.

La mwisho ni rangi ya kijani. Karibu kila mwaka sasa maji ya Ghuba ya Winam hugeuka mazito kama rangi ya kupaka, hasa kuelekea Kisumu, ambako kina ni kifupi, maji hayatembei, na mito huingiza mbolea na maji taka. Ni mwani, na baadhi yake hutoa sumu iitwayo maikrosistini inayoshambulia ini. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali katika maji ya kunywa ya kila siku ni maikrogramu 1 kwa lita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu jamii za wavuvi pembezoni mwa Kisumu ulionya kwamba kutanda huko kwa mwani kunatishia afya zao, kwa kuwa wengi wanachota ziwani moja kwa moja.

Kwa miaka mingi tumewafundisha watu hao neno moja: chemsha. Kwa kipindupindu ni neno sahihi kabisa. Kwa maikrosistini halifai, maana sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni, na maji yakipungua kwa mvuke hubaki imekolea zaidi. Mama wa ufuo wa Dunga anayechemsha maji ya kijani kwa bidii anafuata ushauri wa idara moja huku hatari yake ikiwa imeandikwa katika faili za nyingine. Anachopaswa kuambiwa ni rahisi: maji yakiwa kijani usinywe hata ukichemsha, chota ya bomba au ya mvua, watoto wasiogelee. Wataalamu wa mwani wanalijua hilo. Lakini katika orodha ya magonjwa ambayo zahanati huripoti kila wiki hakuna mstari wa sumu ya mwani, kwa hiyo mtoto wa ufuoni anayefikishwa pale akitapika wiki ambayo ghuba imegeuka kijani anaandikwa “kuhara”, anapewa maji ya chumvi na sukari, na mama anakumbushwa kuchemsha.